Uzi: Moshi ulipita wapi? Namna kumbi za meli kubwa za abiria zilivyopangwa

Fundi Mvule (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, nawaomba mvumilie.

Mimi ni seremala wa kazi za ndani: makabati, milango, dari. Nikiwa bado mwanagenzi, fundi wangu alinichukua Lamu kukarabati nyumba ya zamani ya mawe. Nilishangaa. Nyumba ya tajiri, kuta zimejaa zidaka na nakshi za chokaa mpaka juu, lakini vyumba vyembamba kama ujia. Nikamuuliza sababu. Akaninyooshea kidole darini: boriti za mikoko, zimepangwa moja baada ya nyingine, zote fupi. Chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti inavyofika. Aliyechonga zidaka alikuta boriti imeshakata shauri.

Tangu siku ile, kila nikiingia ukumbini hutafuta boriti yake, yaani kile kitu kilichokata shauri kabla mrembaji hajaitwa. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisoma michoro ya meli kubwa za abiria, zile zilizovusha watu Atlantiki kabla ndege hazijazinyang'anya kazi. Ninachotaka kuwaeleza ni kwamba kwenye meli, boriti ni dohani, yaani bomba la moshi. Watu wanazungumzia thurea, mazulia na ngazi za Titanic. Mimi nasema tuanze kwa kuuliza moshi ulipita wapi.

Tazameni. Boila ziko chini kabisa, karibu na mkuku, uti wa chini wa meli, kwa sababu ya uzito wake. Moshi lazima utokee juu. Kati ya boila na anga kuna sitaha nane, tisa, kumi, na kila sitaha ina watu wanaolala, wanaokula, wanaocheza dansi. Kwa hiyo kila dohani inayofanya kazi ina shimo lake linaloshuka kupitia sitaha zote hizo, limezungushiwa chuma, lina joto, na upana wake unaweza kumeza nyumba yako na yangu. Meli yenye dohani tatu za namna hiyo ina minara mitatu ya moshi imesimama kwenye mstari wa katikati, pale pale ambapo mbunifu angependa kuweka ukumbi wake mkubwa. Ongeza matundu ya hewa, ngazi na lifti. Kinachobaki ni nafasi kati ya dohani na dohani: ukumbi huku, ukumbi kule, na vijia vya pembeni vya kuviunganisha.

Kwenye Great Eastern, meli ya mhandisi Mwingereza Brunel iliyovuka Atlantiki mara ya kwanza mwaka 1860, mashimo ya dohani yalipita ndani ya sebule kuu yenyewe. Mafundi wakayazungushia vioo vya kujitazamia, chuma kikatoweka machoni na sebule ikaonekana kubwa zaidi. Naiheshimu sana kazi ile. Kitu kisichoondoka wamekigeuza kuwa pambo.

Kisha ikaja Oceanic ya shirika la White Star, 1871. Kabla yake abiria wa daraja la kwanza walikaa tezi, yaani nyuma ya meli, desturi iliyorithiwa kutoka meli za matanga, na meli za moshi zikawatesa kwa sababu pangaboi lilikuwa linatikisa chini ya miguu yao. Oceanic ikawahamishia katikati ya meli, penye utulivu, na chumba cha kulia kikatandazwa kutoka ubavu hadi ubavu. Uamuzi mzuri, lakini katikati ndiyo pia makao ya boila. Tangu hapo ukumbi na dohani wakawa wanagombea kiwanja kimoja.

Ugomvi huo ulitatuliwa na Wajerumani. Shirika la HAPAG la Hamburg, chini ya Albert Ballin, lilikuwa limemkabidhi kazi za ndani Charles Mewès, msanifu wa hoteli ya Ritz ya Paris. Katika meli ya Vaterland, iliyoanza safari Mei 1914, moshi uligawanywa tangu chini: nusu ukapandishwa ubavu wa kulia, nusu ubavu wa kushoto, na pande mbili zikakutana tena juu, chini ya dohani. Katikati pakabaki wazi. Ukawa unaweza kusimama kwenye ukumbi mmoja na macho yakasafiri ukumbi baada ya ukumbi, kama uko jumba la kifalme nchi kavu. Mewès alifariki mwaka huo huo wa 1914. Vita ikaanza, meli ikakwama New York, Wamarekani wakaichukua na kuiita Leviathan.

Wazo lile lilikuja kuiva kabisa kwa Wafaransa, kwenye Normandie ya 1935, na hapa naomba nikae kidogo.

Abiria wa daraja la kwanza akiwa sitaha ya matembezi alikuwa na mstari mmoja wa kumbi: ukumbi wa michezo ya jukwaani, halafu ukumbi wa kupokea wageni, ujia mpana wa picha, sebule kuu, chumba cha kuvutia sigara, ngazi pana inayopanda, na juu yake mkahawa unaotazama tezi. Hakuna dohani inayokukata njia, imegawanywa pembeni. Kati ya sebule kuu na chumba cha sigara palikuwa na ukuta wa kuteleza uliopakwa laka ya dhahabu na Jean Dunand. Ukisukumwa, kumbi mbili zinakuwa moja. Kuta za sebule zilivikwa vioo vilivyochorwa kwa nyuma na Jean Dupas, historia ya usafiri wa baharini kwa dhahabu na fedha, vipande mamia. Baadhi vipo leo kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York.

Chumba cha kulia kilikuwa chini zaidi. Urefu mita 93, upana mita 14, kimo kama mita 8 na nusu, watu 700 kwa mkupuo. Hakikuwa na dirisha hata moja la kutazama bahari. Nuru yote ilitoka kwenye kioo cha Lalique, fundi wa kioo Mfaransa: thurea darini, nguzo za kioo zinazowaka kutoka ndani, na hewa ilipozwa kwa mashine. Jaribuni kukiona kama fundi anavyokiona. Ujia wa mita 93 kwa 14 ni umbo baya mno kwa chumba cha kulia. Ni chumba cha Lamu kilichorefushwa. Wao hawakupigana na wembamba ule. Waliutia taa mpaka mtu akausahau.

Na ile dohani ya tatu ya Normandie ilikuwa pambo tu. Haikuwa na boila chini yake, mbwa wa abiria ndio waliokuwa wakifugwa humo.

Upande wa Waingereza, Queen Mary ya 1936 haikufuata njia hii. Dohani zake tatu zilipita katikati kama zamani, na kumbi zikapangwa kuzizunguka. Wasanifu wake, Mmarekani Benjamin Wistar Morris akishirikiana na Arthur Davis, waliweka nguvu kwenye mbao: zaidi ya aina 50, nyingi zimetoka makoloni ya Uingereza, zimekatwa nyembamba na kubandikwa kuta nzima. Chumba cha kulia kiliwekwa ramani kubwa ya Atlantiki iliyochorwa na MacDonald Gill, na kijimeli cha kioo kilikuwa kinasogea juu ya ramani kuonyesha mlipofika. Mtu anakula huku anaona amebakiza siku ngapi.

Nikiulizwa ipi bora, jibu langu linaniumiza, kwa sababu naipenda Normandie. Kama kazi ya sanaa haina mpinzani. Lakini abiria wa kawaida alikuwa na raha zaidi kwenye Queen Mary, na vitanda vya Normandie mara nyingi havikujaa. Ukumbi uliopangwa kwa mstari mmoja mnyoofu unamtaka mtu awe kwenye maonyesho muda wote. Safari ni siku nne au tano, mtu huchoka kutazamwa. Dohani za Queen Mary zilizokatiza njia ndizo zilizoacha pembe pembe za kukaa wawili watatu mkanong'ona. Kwa kazi yangu hilo limenifunza mengi kuliko ule uzuri wa Lalique.

Karibuni tuchangie. Mwenye picha, mwenye kumbukumbu, mwenye swali, aweke.

Binti Forodhani

Mkuu asante, nimesoma neno kwa neno. Mimi nasomea usanifu wa ndani, mwaka wa tatu. Swali langu: kwa nini chumba cha kulia kiwe chini bila dirisha? Hoteli zote tunazofundishwa, mgahawa unapewa mandhari nzuri kuliko vyumba vyote. Baharini mandhari ni bure, halafu mtu anafungiwa chini!

Fundi Mvule

Dada, swali zuri. Sababu kubwa ni meli kwenda mrama.

Meli ikiyumba inazunguka mahali fulani chini karibu na usawa wa maji, kama bembea iliyogeuzwa. Ukiwa juu unabebwa mbali, ukiwa chini na katikati unatikisika kidogo tu. Mtu anaweza kuvumilia kuyumba akiwa amekaa na kitabu. Akiwa na sahani ya samaki mbele yake ni habari nyingine. Meli za zamani viti vya chumba cha kulia vilifungwa sakafuni kwa skrubu, vinazunguka bila kuhama, na meza zilikuwa na kingo za kuinua pembeni ili vyombo visimwagike magotini. Bahari ikichafuka, wahudumu wanalowesha kitambaa cha meza maji ili sahani zishike.

Sababu ya pili ni uzito. Jiko, maghala ya vyakula, vyumba vya baridi, hivyo vyote ni vizito na vinatakiwa chini, na chakula hakitakiwi kusafiri mbali. Imperator, dada yake Vaterland, ilitoka mwaka 1913 ikiwa na marumaru na samani nzito mno huko juu, ikawa inalala ubavu na kuchelewa kuinuka. Ikabidi wapunguze urefu wa dohani, waondoe marumaru na mbao nzito, wabadilishe samani nyingine kwa viti vya henzerani, na wamwage saruji tani 2,000 chini. Urembo kwenye meli unapimwa kwa kilo kabla haujapimwa kwa macho.

Wafaransa waliligeuza tatizo hilo kuwa sherehe. Kama lazima mtu ashuke kwenda kula, basi ashuke kwa ngazi pana inayomwagikia ukumbini, wote waliokaa wamwone na gauni lake. Ile de France ya 1927 ilikuwa na ngazi hiyo, Normandie nayo, na France ya 1962 bado iliiendeleza, chumba cha kulia cha duara na kuba juu yake.

Mzee wa Kilindini

Nimeletewa uzi huu na mjukuu wangu. Nawashukuru vijana kwa kuzungumza meli. Nyinyi mnazungumza habari za Atlantiki, mimi nitasema za huku kwetu.

Nilifanya kazi ya upakuzi Kilindini miaka ya hamsini mwishoni. Nimeziona Kenya na Uganda, meli za British India. Kenya ilianza 1951, Uganda 1952, zimeundwa Glasgow, zinatoka London, zinapita Suez na Aden, zinakuja Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, kisha kusini. Meli nyeupe, dohani moja, safi. Daraja la kwanza katikati, daraja la pili nyuma. Mle ndani nilifika mara chache kubeba mizigo ya abiria. Kwenye Uganda chumba cha kuvutia sigara kilikuwa na pembe za ndovu zimesimamishwa, kubwa kuliko mtu. Nilisimama nikazitazama, msimamizi akaniita nitoke.

Lakini meli za watu wengi zilikuwa Karanja na Kampala, za njia ya Bombay. Zile zilikuwa na abiria wa sitaha. Hawana kitanda, hawana chumba. Mtu anapanda na mkeka wake, godoro lake limekunjwa, masanduku ya bati anayapanga kando yake kuwa ukuta, na kitambaa akakitundika juu mama na watoto wapate faragha. Asubuhi unawaona wanakunja, wanafagia, wanakaa kunywa chai pale pale walipolala. Usiku chumba cha kulala, mchana sebule. Huo nao ni mpango wa vyumba, mwanangu, ila hakuna msanifu aliyelipwa kuuchora.

Fundi Mvule

Shikamoo mzee. Umeniongezea kitu ambacho sikukiona kwenye mchoro wowote. Kwenye michoro ya meli hizo sitaha za chini zimeachwa nyeupe, zimeandikwa idadi ya watu tu.

Na umegusa jambo ambalo niliogopa kuliingiza nisiwachoshe watu: boriti ya pili ya meli ni nani asikutane na nani. Titanic ilikuwa na ngazi nyingi zisizokutana. Abiria wa daraja la tatu walikuwa na chumba chao cha kukaa na cha kuvutia sigara huko tezi kabisa, wanaume wasio na wake wakilala omo, yaani mbele, na familia wakilala nyuma, meli nzima katikati yao. Milango ya chuma iliyowatenga haikuwekwa kwa kiburi peke yake, sheria za uhamiaji za Marekani zilitaka wahamiaji watengwe mpaka wakaguliwe. Hata hivyo chumba chao cha kukaa kilikuwa na mbao za msonobari zilizopakwa rangi nyeupe, samani za msaji na piano. Mtu aliyetoka kijijini Ireland au Lebanon huenda hajawahi kukaa kwenye chumba kama kile.

Hata daraja la kwanza lilijigawa lenyewe. Baada ya chakula wanaume walikwenda chumba cha sigara, mbao nyeusi na viti vya ngozi, na wanawake walikuwa na chumba cha kusomea na kuandikia barua, cheupe, madirisha makubwa. Kwenye Titanic hicho cha wanawake kilikuja kuonekana ni kikubwa kuliko kinavyotumika. Wanawake wa 1912 hawakutaka tena kutengwa.

Msaji na Moto

Samahani mtoa mada, nami ni mtu wa kazi za kinga ya moto, siwezi kuupita uzi huu kimya. Mnasifia mbao aina 50, laka, mapazia, ngazi zilizo wazi. Kila kitu mlichokitaja ni kuni.

Georges Philippar, meli mpya ya Ufaransa, iliungua Ghuba ya Aden Mei 1932 ikirudi kutoka safari yake ya kwanza ya Mashariki ya Mbali. Watu 54 walikufa, mmoja wao mwandishi Albert Londres. Hapa si mbali na kwetu, ni njia ile ile ya meli anazozisema mzee. Januari 1933 ikaungua L'Atlantique, ile iliyokuwa na mtaa wa maduka katikati yake. Septemba 1934 Morro Castle, karibu na pwani ya New Jersey, watu 137. Moto wa Morro Castle ulianzia wapi? Kwenye kabati la chumba cha kuandikia cha daraja la kwanza. Chumba cha barua, wakuu.

Na Normandie yenyewe, Februari 1942, iko gatini New York inageuzwa kubeba wanajeshi. Cheche za kukata chuma ziliruka ndani ya ile sebule kuu, zikaangukia marundo ya majaketi ya kuokolea. Zimamoto wakamwaga maji mengi mpaka meli ikalala ubavu pale pale gatini.

Fundi Mvule

Mkuu, sina la kupinga, na nimefurahi umelisema wewe mwenye kazi yako. Mbao ndiyo riziki yangu, lakini ukweli ni huo.

Mtu aliyeuchukua ukweli huo mpaka mwisho ni William Francis Gibbs, Mmarekani aliyeunda meli iitwayo United States, 1952. Alikataza mbao. Samani zote za alumini, mapazia ya nyuzi za kioo, kuta za vitu visivyoshika moto. Wabunifu wa ndani walikuwa wanawake, Dorothy Marckwald na Anne Urquhart, na kazi yao ilikuwa ngumu kuliko ya Lalique: kuufanya ukumbi wa chuma usiwe na ubaridi. Mbao zilizobaki zilikuwa kwenye piano na kigogo cha kukatia nyama jikoni. Gibbs alitaka hata piano iwe ya alumini, watengenezaji wakamwonyesha kwamba mbao yao haishiki moto hata ikimwagiwa petroli. Meli ile ilikuwa na kasi kuliko zote zilizowahi kuvusha abiria Atlantiki. Abiria wengine walisema ndani inafanana na hospitali ya jeshi. Mimi ningelala humo usingizi mzito.

Msaji na Moto

Hapo tumeelewana, mkuu.

Mswahili wa Deira

Salamu kutoka Dubai. Wengine huenda hamjui kwamba moja ya meli hizi iko hapa, unapanda teksi unafika. QE2, iliyoanza kazi 1969, imefungwa Port Rashid na tangu 2018 ni hoteli. Nimelala humo usiku mmoja nilipopata mgeni kutoka Unguja.

Kilichonishangaza ni ukumbi wa kuingilia wa zamani ulio katikati. Ni wa duara, sakafu imeshushwa ngazi kidogo, viti vimezunguka, na katikati nguzo moja nyeupe inayofunguka juu kama mdomo wa tarumbeta. Ukumbi mwingine, Queens Room, nguzo zake zote ni hivyo hivyo, nyembamba chini pana juu, na dari ina matundu matundu mwanga unapita. Mgeni wangu alisema anajiona yuko chini ya uyoga. Nani alibuni? Na mbona hapa mgahawa uko juu na una madirisha?

Fundi Mvule

Ndugu yangu, una bahati kubwa. Ule wa duara ni wa Dennis Lennon, aliyekuwa pia mratibu wa kazi zote za ndani. Queens Room ni ya Michael Inchbald. Zile nguzo za tarumbeta ni hila ya aina ile ile ya vioo vya Great Eastern. Nguzo za chuma haziwezi kuondoka kwa sababu zimebeba sitaha za juu, na dari ya meli ni ya chini. Nguzo ya kawaida ingeonekana imebeba mzigo. Ikipanuka juu, jicho linaona dari inaelea.

Na hili la mgahawa ndilo jibu la pili kwa dada wa Forodhani. Kufikia miaka ya sitini meli zilikuwa na mapezi ya kupunguza kuyumba yanayotoka ubavuni chini ya maji, na sehemu ya juu ya QE2 imeundwa kwa alumini, nyepesi, kwa hiyo waliweza kuongeza sitaha na kupandisha jiko na migahawa juu. Hatimaye mgahawa mkuu ukapata madirisha ya kutazama bahari. Na ina dohani moja tu. Nafasi iliyobaki ndiyo hiyo unayoitembelea.

Nikuombe kitu. Ukirudi, tafuta ukuta katikati ya meli ambao hauna mlango, na korido zinaupita kulia na kushoto. Ukiuona utanielewa.

Binti Forodhani

Fundi, na kupima? Shuleni tunaanza na pimamaji na timazi. Mnafanyaje chombo kikiwa majini?

Fundi Mvule

Dada, niliwahi kufunga makabati kwenye boti ya abiria, na siku ya kwanza nilitoa pimamaji mfukoni. Povu likawa linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi. Kila gari lililopanda nyuma, sakafu yangu ilibadilika. Fundi wa boti akanichukulia kile kifaa akakiweka kwenye ndoo ya misumari, akasema: huku unapima kutoka sitaha, hupimi kutoka duniani.

Halafu sitaha yenyewe si bapa. Ina mgongo katikati ili maji yamwagike pembeni, na kwenye meli za zamani omo na tezi zimeinuka, katikati imelegea kama kitanda cha kamba kilicholaliwa. Chukua mlango wa pembe mraba uupeleke pale, hauingii. Kila ubao wa Normandie na Queen Mary ulikatwa kwa pembe yake, na ubao wa kulia hautoshi kushoto ila umegeuzwa. Zaidi ya hapo meli inajipinda ikiwa kwenye mawimbi, kwa hiyo sehemu ya juu imekatwa viungo vya makusudi, na pale kwenye kiungo ubao mmoja unapita juu ya mwenzake uweze kuteleza. Queen Mary ilisifika kwa kulia usiku. Kuta zilikuwa zinasuguana, *kwii, kwii*, mpaka abiria wengine wakakosa usingizi.

Kwenye korido ndefu ya meli iliyolegea hivyo, mtu akitokea mwisho kabisa unaona miguu yake kabla ya kichwa, kwa sababu dari ya katikati imeshuka ikamkinga.

Mzee wa Kilindini

Kweli kabisa. Ndiyo maana abiria wa sitaha waliojua safari waliwahi katikati. Wageni walikimbilia omo kwa sababu ya upepo, na usiku wa kwanza wa mawimbi walikuwa wanateremka wenyewe na mikeka yao.

Mswahili wa Deira

Wakuu, nimerudi leo baada ya kazi. Ukuta nimeupata. Mrefu, hauna mlango wala picha, korido mbili zinaupita kama alivyosema fundi. Mhudumu alidhani nimepotea chumba. Nikasimama mwanzo wa korido nikafuata mstari wa taa za dari kwa macho: unashuka polepole, halafu unapanda. Kuna mama alikuwa anakuja kutoka mwisho na sanduku la magurudumu. Nikakuta nimeinama kidogo ili nimwone uso.